Rangi ya Gari Lililotumika: Kasoro Imeanzia Tabaka Gani?

Gari lolote huonekana jipya likiwa limelowa. Maji hujaa ndani ya mikwaruzo midogo, huirudishia mng'ao rangi iliyopauka na kuficha mawimbi ya bati lililonyooshwa, kwa hiyo mnunuzi anayefika yadi asubuhi akakuta gari linachuruzika maji ana haki ya kuomba kiti, akaketi na kungoja likauke. Likishakauka ndipo hujitokeza mabaka meupe juu ya paa, utando wa mikwaruzo ya duara kwenye boneti, uvimbe mdogo ukingoni mwa mlango, au bampa lenye weupe usiolingana na weupe wa madigadi. Akiuliza, hujibiwa kwamba hiyo ni rangi tu, gereji watalipiga mara moja na mambo yatakwisha.

Maneno hayo, “rangi tu”, hufunika mambo mengi yasiyofanana. Mpauko unaoondoka kwa polishi ya nusu saa na mpauko usioondoka hata ukisugua mwezi mzima huonekana karibu sawa ukiwa umbali wa hatua tano. Kiputo kilichotokana na kompresa (mashine ya hewa ya kupulizia) iliyojaa maji na kiputo kilichotokana na kutu inayokula bati kutoka ndani huweza kuwa na ukubwa uleule. Kinachovitofautisha ni kina, yaani kasoro imeanzia tabaka gani. Ukilijua tabaka, tiba hujulikana karibu yenyewe, kwa sababu kazi yote ya rangi hufuata kanuni moja: matengenezo huanzia chini ya mahali ubovu ulipofika. Ukianzia juu yake unakuwa umeufunika, na ubovu uliofunikwa huibuka tena.

Kiwandani, bodi la gari hupakwa rangi likiwa tupu, kabla halijafungwa viti, nyaya wala mipira. Baada ya kusafishwa na kupewa ngozi nyembamba ya fosfeti, huzamishwa lote katika birika la praima, yaani rangi ya msingi, na umeme hupitishwa, hivyo praima hiyo hushika hata ndani ya mikunjo ambayo bunduki ya kupulizia haiwezi kufika. Kisha huokwa katika joto la nyuzi 160 hadi 180 za Selsiasi. Juu yake hupulizwa praima ya kati, halafu rangi yenyewe, na mwisho klia, ambayo haina rangi na ndiyo inayong'aa. Matabaka haya ya juu nayo huokwa katika joto la nyuzi 140 hivi. Yote kwa pamoja hayafikii unene wa kutisha. Gari la Kijapani lenye rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa na jumla ya mikroni 90 hadi 140, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Praima ya umeme huchukua kama mikroni 20, praima ya kati 30 au zaidi kidogo, rangi 15 hadi 20, na klia 35 hadi 50. Mng'ao wote wa gari, pamoja na kinga yake dhidi ya jua, umebebwa na tabaka jembamba kuliko unywele wa kichwani.

Hakuna gereji inayoweza kurudia kazi hiyo kwenye gari lililokwisha kuundwa, kwa sababu joto la nyuzi 140 lingeharibu taa, mipira na nyaya. Rangi za gereji zimetengenezwa kwa njia nyingine: hukauka kwa kuchanganywa na hadena, yaani dawa ya kukaushia, kemia ikifanya kazi ya tanuri, na zikisaidiwa na joto la nyuzi 60 hivi hukauka ndani ya nusu saa. Rangi ya aina hii ikipulizwa vizuri hudumu miaka mingi. Hata hivyo rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechoka, ni mtaji, na ushauri wa haraka wa kupiga gari zima rangi mpya mara nyingi humwondolea mwenye gari mtaji huo na kumpa kitu dhaifu zaidi. Mimi huwa na shaka na fundi anayetoa ushauri huo kabla hata hajapitisha kiganja juu ya boneti.

Uchunguzi huanza na unene. Kipima unene wa rangi ni kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi. Huwekwa juu ya bati na kusoma mikroni kwa kutumia sumaku au mkondo wa umeme. Namba moja pekee haisemi mengi. Kinachosema ni tofauti kati ya sehemu na sehemu: ikiwa paa, buti na milango mitatu husoma kati ya 100 na 130, na mlango wa nne unasoma 240, mlango huo umepigwa rangi upya juu ya ile ya kiwandani. Ukisoma 500 au 800, chini yake kuna puti, ile pasta ya kujazia mabonde ya bati. Ikipita 1,000, fahamu kwamba bati halikunyooshwa bali shimo limejazwa. Asiyekuwa na kifaa hicho anaweza kutumia sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa laini, akaipitisha taratibu. Penye puti nene sumaku hulegea au kuanguka. Njia hiyo haifai kwa bampa, ambalo ni plastiki, wala kwa boneti za alumini zilizomo kwenye baadhi ya magari.

Baada ya unene, macho. Simama mwanzoni mwa ubavu wa gari, inama hadi jicho liwe usawa wa vitasa, kisha tazama jinsi mstari wa ukuta au nguzo ya umeme unavyoakisiwa kwenye milango. Bati lililonyooshwa kwa puti huuvunja mstari huo ukawa kama unaotazamwa ndani ya maji yanayocheza. Fungua milango na kagua mipira, kwa sababu fundi mwenye haraka huacha vumbi la rangi juu yake au mstari wa mahali gazeti na gundi vilipoishia. Tazama boliti zinazoshika madigadi na boneti: za kiwandani zimepakwa rangi pamoja na bodi, na spana ikishapita huacha kona zilizobanduka. Lakiri, yaani gundi ya kuziba, iliyopakwa kwenye maungio ya ndani ya milango nayo hutoka kiwandani ikiwa na mkondo ulio sawasawa, lakini ile iliyorudishwa kwa mkono hupinda na kuvimba.

Kwa gari lililotoka Japani kuna ushahidi mwingine ambao wanunuzi wengi hawauombi, nao ni karatasi ya mnada. Mkaguzi wa mnada huchora gari na kuandika alama juu ya kila sehemu. Herufi A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, B ni mbonyeo wenye mkwaruzo, P ni doa au kasoro ya rangi, H ni rangi iliyofifia, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, na XX ni sehemu iliyobadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa, 1 ikiwa ndogo. Alama ya kuangaliwa zaidi ni W, inayomaanisha mawimbi au dalili za matengenezo: W1 hayaonekani kwa urahisi, W3 ni kazi mbaya inayohitaji kupigwa rangi tena. Gari lenye A1 nyingi lina maisha ya kawaida tu. Gari lenye daraja la R au RA limewahi kupata ajali na kutengenezwa, na hapo rangi si swali la kwanza tena. Zipo tofauti ndogo kati ya nyumba moja ya mnada na nyingine, ila mfumo kwa jumla ni huo.

Umri nao huhesabiwa. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 8 tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza, na Tanzania huyapokea hata yenye umri mkubwa zaidi kwa kuyatoza ushuru wa ziada. Kwa hiyo klia inayoshuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam imekwisha kupigwa na jua la Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kupigwa na jua la ikweta.

Tuanze na kasoro za juu kabisa, zilizokalia klia bila kuipenya. Osha gari, likauke, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya boneti. Mfuko huongeza hisia ya vidole, na mara nyingi rangi inayoonekana safi huguswa ikawa kama msasa. Hayo ni masalia ya vumbi la breki, lami, utomvu, au ukungu wa rangi uliopeperuka kutoka gari jirani gereji. Huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaotelezeshwa juu ya maji ya sabuni, wala hakuna haja ya msasa. Madoa meupe ya duara yanayobaki baada ya kuosha ni madini ya maji, na miji inayotegemea visima vya maji ya chumvi huyafahamu vizuri: tone hukauka juani, maji huondoka, chokaa hubaki. Yakiwa mapya, siki iliyochanganywa na maji huyatoa. Yakikaa miezi huichimba klia, na hapo huhitaji polishi.

Kinyesi cha ndege na cha popo ni habari nyingine. Gari lililoegeshwa chini ya mwembe usiku na kuachwa juani hadi saa nane hupata shimo lenye umbo la doa lenyewe, kwa sababu klia hulainika kwa joto, uchafu uliokauka juu yake hukaza na kuivuta, na asidi humalizia kazi. Doa likifutwa mapema kwa kitambaa chenye maji mengi halidhuru. Likishaacha umbo, kucha ndiyo kipimo.

Kipimo cha kucha ni rahisi: ipitishe kukatisha mkwaruzo au shimo bila kukandamiza. Kucha isipokwama, kasoro imo ndani ya klia na polishi itaitoa. Ikikwama kidogo, huenda msasa wa maji namba 2000 ukifuatiwa na 3000 (namba ikiwa kubwa msasa ni laini zaidi) kisha kompaundi, yaani polishi inayokata, ukaipunguza hadi isionekane. Ikikwama kabisa, na ndani ya mkwaruzo kuonekana rangi nyingine, kwa mfano kijivu cha praima, mashine ya polishi haina kazi hapo. Huo ni mkwaruzo wa kujazwa rangi kwa brashi ndogo au kupulizwa. Kipimo cha pili ni cha maji, yale yale aliyotumia muuzaji kukudanganya: lowesha mkwaruzo, na ukitoweka kabisa ukiwa na maji, upo juu.

Ule utando wa mikwaruzo ya duara unaoonekana jua likipiga boneti nyeusi hauletwi na barabara, huletwa na uoshaji. Kitambaa kimoja hupita kwenye magurudumu, kikasuuzwa ndani ya ndoo ileile na kurudishwa juu ya paa kikiwa na mchanga, huku sabuni ya unga ikiondoa nta yote iliyokuwapo. Polishi huondoa utando huo kwa kukata sehemu ndogo ya klia, na hapa lazima tuhesabu. Klia ina mikroni 40 hivi. Kuondoa zaidi ya 8 au 10 katika maisha yake yote ni kuivua kinga ya jua. Magari mengi huuzwa yakiwa yamekwisha kupigwa kompaundi mara kadhaa ili yang'ae yadi, na hakuna anayekuambia ni mara ngapi. Kwenye kona na mikunjo ya bati klia huwa nyembamba zaidi, na mashine nayo hukandamiza zaidi. Nimewahi kuipenya kona ya boneti ya gari langu kwa sekunde zisizozidi tano, nikajifunza kufunika kona kwa gundi ya karatasi kabla ya kuwasha mashine.

Ukiwa unapiga polishi, tazama rangi ya kitambaa au sponji. Kwenye gari lenye klia hupaswi kuona rangi ya gari ikitoka. Ikitoka, ama gari halina klia, kama zilivyo baadhi ya rangi nyeupe na nyekundu za tabaka moja, ama klia umeimaliza. Rangi ya tabaka moja iliyopauka ikawa kama chokaa ina tumaini kubwa: tabaka lililokufa hukwanguliwa, chini yake kukatokea rangi hai, na gari jekundu lililokuwa limegeuka waridi hurudi jekundu.

Klia iliyokufa haina tumaini hilo. Huanza kwa ukungu mweupe juu ya paa, boneti na buti, sehemu zinazolitazama jua moja kwa moja, halafu ukingo wa ukungu huo hubabuka ukawa kama ngozi ya mtu aliyeungua, huku ubavu wa gari ukiwa bado mzima. Chanzo ni mionzi ya jua iliyovunja klia hadi mshiko wake na rangi ukaachia, maji yakapenya katikati. Polishi haiwezi kuunganisha matabaka yaliyoachana. Kosa linalorudiwa sana ni kusugua msasa ukingo wa ubabukaji na kupuliza klia mpya juu yake, ili kuokoa fedha za rangi: ukingo wa klia ya zamani hunyonya thina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, huvimba, na ndani ya miezi michache huonekana mchirizi palepale ulipokuwa, mara nyingi ukianza kubabuka tena. Tiba ni kuondoa klia yote ya sehemu hiyo hadi kwenye rangi iliyoshika, kupiga praima panapohitajika, kurudisha rangi, kisha klia mpya mikono miwili, yaani kupulizwa mara mbili. Kwa kuwa madhara hukaa kwenye sehemu za mlalo, mara nyingi paa na boneti tu ndivyo hupakwa, na milango huachwa na rangi yake ya kiwandani.

Ipo hali inayofanana na hiyo na ambayo wenye Toyota nyeupe wanapaswa kuijua kwa namba. Magari kadhaa yenye rangi namba 070, ile nyeupe ya lulu, na namba 040, nyeupe ya kawaida, hubanduka kwa vipande vipana kama karatasi, na chini yake huonekana kijivu kilaini cha praima ya kwanza. Hapo haikuachia klia. Kila kilicho juu ya praima ya umeme ndicho kilichoachia. Mwaka 2019 Toyota nchini Marekani ilianzisha mpango wa kupanua dhamana kwa baadhi ya modeli zenye rangi hizo, ikieleza kwamba mwanga wa jua hudhoofisha mshiko wa matabaka kadiri muda unavyopita. Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki dhamana hiyo haina msaada, ila maarifa yake yana faida: kupuliza nyeupe mpya juu ya nyeupe ambayo haijabanduka bado ni kujenga juu ya ukuta ulioachana na msingi. Kwenye sehemu iliyoathirika, rangi yote iondolewe hadi praima ya chini au bati, hata ile inayoonekana bado imeshika. Namba ya rangi husomwa kwenye kibati cha utambulisho, katika fremu ya mlango au ndani ya chumba cha injini, na katika Toyota huandikwa baada ya herufi C/TR.

Viputo ndivyo vinavyodanganya zaidi. Kitoboe kimoja kwa ncha ya sindano, uangalie chini. Ukikuta praima safi na kavu, au maji kidogo, kosa limo ndani ya rangi: unyevu uliofungiwa, jasho la mikono au chumvi iliyobaki juu ya bati kabla ya kupulizwa. Ukikuta unga wa kahawia, hiyo ni kutu, na swali linalofuata ni imetoka upande gani. Kutu iliyoanza kwa jiwe lililobandua rangi kwenye pua ya boneti huonekana waziwazi na huenea polepole. Kutu inayotokea ukingoni mwa chini ya mlango au juu ya tairi la nyuma mara nyingi imeanza ndani, pengine kwa sababu vitundu vya kutolea maji chini ya mlango vimeziba kwa matope, maji yakakaa. Magari yaliyoishi Hokkaido na Tohoku, kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huja na kutu hiyo ikiwa imekwisha kuanza chini ya gari, na hewa ya bahari ya Tanga au Mombasa huipokea na kuiendeleza.

Kutu ya nje huondolewa kwa kusaga hadi bati jeupe kabisa, pamoja na sentimita mbili au tatu za rangi inayoonekana nzima kuizunguka, kisha praima ya epoksi ndipo puti. Kutu iliyotoboa haizibwi kwa puti, kwa sababu puti hunyonya unyevu kama sponji na kuushikilia palepale penye bati linalooza. Bati hukatwa na jipya huchomelewa, na upande wa ndani hupulizwa nta ya kuzuia kutu. Kama fundi hataki kufungua upande wa ndani, kazi yake itaonekana nzuri hadi masika ijayo.

Lililobaki ni kundi la kasoro zilizozaliwa gereji, nazo huweza kusomwa kama mwandiko wa mtu. Vishimo vidogo vya duara, vyenye ukingo ulioinuka, kana kwamba rangi imekimbia kitu, vinatokana na mafuta au silikoni: dawa ya kung'arishia matairi na dashibodi ina silikoni, na tone lake moja linalopeperuka hutosha. Vitundu vya sindano vilivyotawanyika ni thina iliyofungiwa, pale mkono wa pili ulipopulizwa kabla ya wa kwanza kupumua, au gari lilipotolewa juani mara moja. Uso hukauka kwanza, na mvuke ulio chini hutoboa njia ya kutokea. Uso wenye mabonde madogo kama ganda la chungwa umepulizwa kwa rangi nzito au kwa bunduki iliyokuwa mbali. Michirizi iliyotiririka imepulizwa karibu mno. Kasoro hizi zikiwa ndani ya klia iliyokwisha kukauka vizuri, msasa wa maji wa 1500, 2000 na 3000 huzisawazisha. Vishimo vya silikoni vilivyofika kwenye rangi havisawazishwi, hukwanguliwa.

Ukungu mweupe unaojitokeza dakika chache baada ya kupuliza, hasa asubuhi yenye mvua au jioni ya pwani, ni kosa la thina. Thina ya haraka na ya bei ya chini huvukiza kwa kasi, hupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewa huganda juu yake kama jasho la chupa ya soda baridi. Rangi za kukauka kwa hewa, ambazo wengi bado huziita duko, huathirika zaidi. Thina ya polepole huepusha hilo, vivyo hivyo na kusubiri saa nne asubuhi. Kompresa nayo imwagwe maji kila siku, iwe na kichujio; gereji isiyo na kichujio cha maji hupuliza mvua pamoja na rangi.

Kipimo kimoja kinafaa kufanywa kabla ya kukubali rangi yoyote mpya ipigwe juu ya ya zamani. Chukua kitambaa chenye thina, kiweke mahali pasipoonekana kwa muda wa nusu dakika, kisha sugua. Rangi ya kiwandani na ile ya hadena hazitoki. Rangi ya kukauka kwa hewa hulainika na kuhamia kwenye kitambaa, na ukipiga rangi ya hadena juu yake, thina iliyomo huiamsha ile ya chini ikakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Gari la namna hiyo hukwanguliwa, au hutengwa kwa praima ya epoksi na fundi anayejua anachofanya.

Puti nayo ina hesabu yake. Dawa yake ya kugandishia, ile pasta nyekundu au ya njano, kwa kawaida ni asilimia 2 hadi 3 ya uzito, lakini mafundi wengi hukadiria kwa jicho na huongeza ili igande upesi. Kinachozidi hupanda hadi kwenye rangi na kuacha doa la manjano, linaloonekana vibaya sana kwenye gari jeupe. Mikwaruzo inayojichora juu ya rangi wiki tatu baada ya kazi ni msasa mkavu namba 80 au 180 uliofuatwa na praima moja kwa moja. Puti isuguliwe hadi 320, na praima hadi 600 au 800 ya maji, ndipo rangi ikae juu yake bila kuzama ndani ya mikwaruzo.

Rangi kutolingana huwaudhi watu zaidi ya kasoro nyingine zote, ingawa mara nyingi si ubovu. Namba ya rangi ni moja, lakini viwanda na miaka hutoa tofauti ndogo, na jua limekwisha kubadilisha gari lako. Rangi za metaliki huongeza ugumu, kwa sababu chembe za alumini hulala kwa namna tofauti kulingana na shinikizo la hewa na wingi wa thina: zikipulizwa zikiwa na thina nyingi huonekana nyeusi zaidi, zikiwa kavu huonekana nyeupe zaidi. Nyeupe ya lulu ina mikono mitatu tofauti, na mkono mmoja zaidi wa lulu hubadilisha kila kitu. Fundi makini hupuliza kwanza kadi ya majaribio, akaishikilia karibu na gari nje juani, kisha huififisha rangi mpya taratibu kuingia kwenye paneli jirani na kupiga klia paneli hiyo yote. Mlango mmoja uliopakwa rangi hadi ukingoni na kuachwa hapo utaonekana, hata kama rangi ilichanganywa kwa mashine. Bampa la plastiki lina sharti jingine: lisipopakwa kwanza dawa ya kushikisha rangi, litabanduka kwa vipande pale tu maji ya mashine ya kuoshea yatakapoligonga.

Hadena ina kemikali iitwayo isosianati, na mvuke wake umewasababishia wapuliza rangi pumu isiyoondoka. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Inatakiwa ya kaboni iliyofungwa vizuri usoni na yenye vichujio vipya, na bora zaidi ni ile inayoletewa hewa kwa bomba. Anayetaka kujaribu kazi hii nyumbani aishie kwenye udongo wa kusafishia, polishi na brashi ya kujazia mikwaruzo.

Gari likitoka gereji, tope la kwanza lioshwe kwa maji matupu, na nta isipakwe hadi mwezi mmoja upite, kwa sababu klia mpya huendelea kutoa thina kwa wiki kadhaa hata ikiwa ngumu kwa kuigusa. Katika muda huo rangi hushuka kidogo, na kama kuna msasa uliokosewa chini yake, utajichora. Malipo ya mwisho yanaweza kusubiri hadi siku hiyo.